Barakoa za Fundi Kesho

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani aliitwa Fundi Kesho, na aliyetaka kujua sababu alitakiwa kupeleka kitambaa mara moja tu. Angemkuta ameinamia cherehani yake ya kukanyaga, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, miwani imeteleza mpaka kwenye ncha ya pua, naye angempokea kwa uchangamfu wa mtu aliyekuwa akimngoja yeye peke yake tangu asubuhi. Angempima, angemsifia mabega, angemuuliza hali ya mama na watoto. Kisha mteja angeuliza nguo itakuwa tayari lini.

"Kesho," angejibu fundi. "Nakuhakikishia."

Na mteja angeondoka ameridhika, ingawa alijua, na fundi alijua kwamba mteja anajua.

Hakuwa mwongo wa kumdhuru mtu. Hilo lisemwe mapema. Tatizo lake ni kwamba hakuweza kuvumilia kuona sura ya mtu ikikunjamana mbele yake. Neno zuri lilimtoka kabla hajalifikiria, kama mtu anayesema "karibu tule" hali sufuria imekwisha kuoshwa. Wapo waliodai kwamba bwana arusi mmoja alioa amevaa suruali isiyo na pindo kwa sababu yake. Hapo watu walitia chumvi. Pindo lilikuwepo, ila la mguu mmoja.

Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Dirisha lilitazama barabara, na nyuma ya pazia la maua kulikuwa na sebule, jiko na vyumba viwili vya kulala. Alikuwa na mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, aliouheshimu kiasi kwamba hakumruhusu mtu autumie kukatia karatasi. Lakini uzi hakuukata kwa mkasi. Aliulowesha kwa mate ili upite kwenye tundu la sindano, na mshono ulipokwisha aliinamisha kichwa akaukata kwa meno, kat, kisha akageuza nguo upande wa pili. Alifanya hivyo tangu alipokuwa akijifunza kazi, na miaka yote hiyo ilikuwa imechonga kijimfereji kwenye jino lake moja la mbele. Kwake kuuma uzi ilikuwa sehemu ya kushona, na mara nyingi hakujua hata kwamba ameuma.

Mkewe alimnunulia kimkasi cha nyuzi chenye vishikio vyekundu. Alishukuru sana, akakitundika kwenye msumari juu ya cherehani, na hapo kikakaa kikitazama kazi.

"Siku hilo jino litakapong'oka," mkewe alipenda kumwambia, "itabidi ufunge duka."

"Nitaazima lako, mama watoto."

"Langu haliumi uzi wa mtu mwongo."

Hiyo "mama watoto" ilikuwa heshima tu, maana mtoto walikuwa naye mmoja, binti ambaye kiwanjani aliitwa Sumaku. Alikuwa kipa wa timu ya wasichana wa mtaa, na jina alilipata kwa sababu mipira ilimnata mikononi. Nyumbani alikuwa mtoto mpole, mwenye kuosha vyombo bila kuambiwa mara mbili. Golini alikuwa mtu mwingine kabisa. Aliwakaripia mabeki wenye umri kumzidi, akaruka kwenye kokoto bila kujali magoti, na mara moja alimwambia mwamuzi aende kupimwa macho. Mama yake alisikia habari hiyo akajifanya amekasirika.

Mama huyo ndiye aliyekuwa mpiga pasi wa duka. Nguo ikitoka kwenye cherehani, yeye ndiye aliyeifua ikibidi, akaipiga pasi na kuikunja. Zamani, Sumaku akiwa mchanga, aliugua nimonia iliyomlaza muda mrefu, akapona nusu. Tangu hapo kifua chake hakikuwa na nguvu. Akipanda ngazi alisimama katikati, na vumbi likiwa jingi alipumua kwa mlio mwembamba ambao fundi aliweza kuusikia akiwa upande wa pili wa pazia. Alikuwa ameuzoea mlio huo. Usiposikika ndipo alipoinua kichwa.

Basi gonjwa lilipokuja likaufunga ulimwengu, nyumba ile ilikuwa na hofu yenye jina na sura. Shule zilifungwa, kiwanja kikatiwa kufuli, na daktari wa zahanati akamwambia mke wa fundi waziwazi kwamba mtu mwenye kifua kama chake akiupata ugonjwa huu, asitegemee sana kupona. Fundi alitoka pale zahanati akiwa ameshika mkono wa mkewe, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya barabarani tangu ujana wao.

Baada ya miezi kadhaa kiwanja kikafunguliwa kwa vijana, lakini kwa masharti. Kila mchezaji awe na barakoa ya kuja na kurudi na ya kukaa nayo benchi. Kila mmoja na chupa yake ya maji. Hakuna kushikana mikono, hakuna kukumbatiana goli likiingia, hakuna kubadilishana jezi na wapinzani mechi ikiisha. Kocha wa wasichana, fundi bomba mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, aliyachukua masharti hayo kama amri za jeshi. Alichora miduara ya chokaa pembeni mwa uwanja, kila msichana na wake, akaweka ndoo yenye bomba na sabuni langoni, akawapima joto mmoja mmoja.

Ila barakoa zilimshinda. Alizileta za dukani, za karatasi, wasichana wakazivaa kidevuni, wakazitia mifukoni pamoja na maganda ya njugu, na mmoja akaonekana akifutia matope ya viatu.

Kabla ya barakoa, hata hivyo, kulikuwa na vita nyumbani kwa fundi.

"Haendi," alisema mama. "Mpira utakuwepo tu hata mwaka kesho kutwa. Mimi nina mapafu haya haya."

"Mama, nitakaa mbali na wewe. Nitakula peke yangu. Nitalala hata dukani."

"Ulale dukani na hayo mavumbi ya baba yako, uanze na wewe kukohoa?"

Sumaku alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, glovu zake magotini, akazivaa, akazivua. Fundi aliiona sura ile imekunjamana, na kama ilivyo kawaida yake, moyo ukamshinda.

"Mama watoto, mwache akacheze. Mimi mwenyewe nitalisimamia. Ugonjwa hautaingia humu ndani kwa njia ya mpira. Nakuhakikishia."

Mkewe alimgeukia. "Hilo hakikisho ni la leo," aliuliza, "au la kesho?"

"La leo. Naapa."

Na kwa mara moja katika maisha yake, fundi alitimiza neno kwa wakati. Alichukua jezi kuukuu za timu, zile za kijani zilizochanika mabegani, akazikata kwa ule mkasi mkubwa, akashona barakoa zenye bitana ya pamba ndani na lastiki laini masikioni. Kila moja aliishonea mbele namba ya mchezaji, ile ile ya jezi yake. Kocha alipoziona alikosa la kusema, na kwa mtu wa sauti ile kukosa la kusema si jambo dogo.

Wasichana walizipenda mno. Wenye kuvaa kidevuni wakavaa mpaka puani. Walizivaa sokoni, walizivaa wakitumwa dukani, na mmoja alikataa kuvua akipigwa picha. Fundi mwingine wa mtaani alisema ni mambo ya watoto tu, lakini fundi mwenyewe alitembea siku zile kidevu kikiwa juu kidogo. Mkewe naye akatia mkono. Kila barakoa, kabla ya kutoka nyumbani, aliichemsha kwenye sufuria kubwa, akaianika juani, akaipiga pasi ya moto mbele na nyuma. Wasichana walipozichafua walizirudisha, na kazi ikaanza upya. Alikuwa hataki msichana yeyote avae kitu ambacho hakikupita mikononi mwake.

"Mimi naogopea kifua changu," aliwaambia kupitia dirishani, wakati wakisubiri kwa kuachiana nafasi, "lakini na nyie ni watoto wangu. Vaa mpaka puani, wewe mshambuliaji, nakuona!"

"Shikamoo mama pasi!" wangejibu kwa pamoja, wakicheka.

Mechi zikachezwa. Hakuna aliyeugua. Kocha alianza kusema kwamba timu yake imekingwa kuliko wabunge, na fundi alicheka meno yote nje, huku lile jino lenye mfereji likionekana. Ikawa kama wamelipita lile gonjwa.

Halafu wakaingia fainali, dhidi ya timu ya wasichana wa ng'ambo ya reli, wanaovaa njano. Barakoa za zamani zilikuwa zimepauka kwa kuchemshwa, na kocha akaomba mpya kwa ajili ya siku ile.

"Zitakuwa tayari lini, kaka?"

"Kesho. Nakuhakikishia."

Kesho ikaja na gauni la mteja mwingine. Kesho ya pili ikaja na sare za walinzi. Fundi hakuwa na wasiwasi, alijua mikono yake ina kasi ikibanwa. Siku mbili hizo koo lilikuwa likimwasha kidogo, akakohoa kikohozi kikavu cha hapa na pale, akalilaumu lile vumbi la nyuzi linaloingia kooni mwa kila fundi. Alikunywa maji ya moto, akaendelea. Joto hakuwa nalo. Mkewe aliyekuwa jikoni alimsikia mara moja akauliza kulikoni.

"Manyoya ya kitambaa tu hayo," alisema.

Asubuhi ya fainali alikuwa bado anashona. Kocha alisimama mlangoni akitazama saa, gari la kukodi likiwa na wasichana linanguruma nje. Fundi alikuwa akimaliza ya mwisho. Alishona, akainama, kat. Akageuza, akashona lastiki, akainama, kat. Zilikuwa zimelundikana pembeni mwake, za kijani kibichi, namba nyeupe zikimetameta, nzuri kuliko zile za kwanza.

Mkewe alitokeza kichwa nyuma ya pazia. "Sufuria inachemka. Nipe nizitie."

"Shemeji, tutachelewa," alisema kocha. "Wakikuta hatupo wanapewa ushindi wa mezani."

"Mpya hizo," fundi akasema. "Kitambaa kimetoka kwenye bunda sasa hivi, hakijaguswa na mtu. Watachemsha wakirudi."

Mkewe alisita, mkono ukiwa bado umenyooka. Kisha akaushusha. Sumaku alichukua ya kwake, namba moja, akaivaa palepale mpaka puani, akawapungia mkono kutoka mlangoni. Ni beki wa kushoto peke yake ambaye hakuwemo kwenye gari, maana yeye alikwenda kiwanjani moja kwa moja kutoka kwa shangazi yake, na barakoa yake mpya ikabaki juu ya cherehani.

Walishinda. Sumaku aliokoa penalti, na hata wa ng'ambo ya reli walimpigia makofi. Ndipo likatokea lile jambo ambalo kocha atalijutia mpaka anaingia kaburini. Kubadilishana jezi kulikatazwa, na wasichana walikuwa wamelishika hilo. Lakini hakuna aliyekuwa amesema lolote kuhusu barakoa. Kipa wa njano alimwendea Sumaku, akasimama mbali kama inavyotakiwa, akavua barakoa yake yenye namba, akamrushia. Sumaku akaidaka, kipa haachi kitu kipite, akavua ya kwake naye akairusha. Walipoona makipa wamefanya hivyo, wengine wote wakafuata. Kocha alikuwa akikusanya bendera za kona. Alipogeuka, alikuta timu yake imevaa njano usoni, na ya wapinzani imevaa kijani.

Sauti yake siku hiyo ilisikika ng'ambo ya reli kweli kweli.

Sumaku alirudi nyumbani na furaha yake yote, akasahau kuivua.

"Hiyo ya nani?" mama yake akauliza.

Binti aligusa uso wake. Furaha ikamwisha palepale. "Tulibadilishana, mama. Kama jezi. Ni heshima tu."

Mama alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa jiko, akavuta kanga akafunika pua. Fundi alimpeleka Sumaku bafuni akaoga, nguo zikatiwa kwenye maji ya moto, barakoa ya njano ikatiwa humo humo. Kisha alimgeukia mkewe na kusema lile alilozoea kusema.

"Hakuna kitu kitatokea. Nakuhakikishia."

Sumaku alikuwa wa kwanza. Aliamka akasema chai haina ladha, na jioni mwili ukawa moto. Akafuata kiungo, akafuata yule mshambuliaji, na kabla wiki haijaisha karibu timu nzima ilikuwa imejifungia. Walikuwa vijana, miili yao ilipigana, wakapona. Wengine waliugua kidogo tu kama mafua. Kisha ule mlio mwembamba nyuma ya pazia ukaanza kubadilika, ukawa mnene, ukawa wa maji. Fundi aliusikia akiwa kwenye cherehani, na mguu wake ukaacha kukanyaga.

Hospitali walimruhusu mpaka kwenye geti. Walimpokonya mkewe pale, mtu aliyevaa plastiki toka kichwani mpaka miguuni akamweka kwenye kiti cha magurudumu, na mkewe hakuweza hata kugeuka kumtazama kwa jinsi alivyokuwa akitafuta pumzi. Tangu hapo ikawa ni simu. Muuguzi mmoja mwenye huruma alimshikia simu sikioni kila alipopata nafasi.

Mara ya mwisho waliyoongea, mkewe alimuuliza, kwa maneno yaliyokuja moja moja, "Lile gauni... la bibi wa kona... umemaliza?"

"Kesho," fundi alisema, bila kufikiri.

Upande wa pili kulitoka sauti. Alikuwa akicheka. Kile kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikaendelea, na muuguzi akachukua simu. Kesho yake asubuhi walimpigia kumwambia amekwisha fariki.

Alizikwa na watu wachache waliosimama mbalimbali, kila mmoja akilia peke yake. Majirani walitaka kumshika fundi mkono, wakakumbuka, wakaurudisha. Wale wanawake waliozoea kujaa nyumbani kwenye msiba hawakuja. Nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba fundi alisikia saa ya ukutani ambayo alidhani ilikwisha kufa zamani.

Sumaku hakulia mbele za watu. Alizikunja glovu zake, akazifunga kwenye mfuko wa plastiki, akaziweka juu ya kabati. Ile barakoa ya njano aliichoma nyuma ya nyumba, akasimama akiitazama mpaka ikawa jivu. Akachukua kazi ya mama yake ya pasi bila kuombwa. Alipiga pasi kwa bidii ya kutisha, akirudia sehemu moja mara nyingi, na alipoongea, jambo lilikuwa lile lile.

"Ni mimi, baba. Mama alisema nisiende. Nimemletea mwenyewe usoni kwangu."

"Si wewe, mwanangu."

"Ni nani basi?"

Fundi alirudia tu kwamba si yeye. Aliamini kama mtaa wote ulivyoamini, kwamba ugonjwa ulivuka reli ukiwa kwenye vitambaa vya njano. Wapo waliowasema vibaya watoto wa watu wa upande ule. Fundi hakuwasema, lakini moyoni hakuwapenda.

Kocha alikuja asubuhi moja, akasimama nje ya dirisha. Alikuwa amekonda, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, hata fundi hakuitambua mara moja.

"Wasichana wanaomba vitambaa vyeusi vya kufunga mkononi," alisema. "Kwa ajili ya shemeji. Kukusanyika haturuhusiwi, basi kila mmoja atavaa kwao."

Fundi aliitikia, akavuta kitambaa cheusi kutoka kwenye rafu, akaanza kupima. Kocha hakuondoka. Alikuwa na jambo lililomkaa kifuani na alihitaji mtu wa kumwambia.

"Nimeongea na kocha wa njano. Kaka, wale watoto walikuwa wazima. Wote walipimwa hospitali siku moja kabla ya mechi, shule yao iliwalazimisha, hakuna hata mmoja aliyekutwa nao. Wameanza kuugua baada yetu. Kipa wao amempoteza babu yake." Akafuta uso kwa kiganja. "Hatukuletewa sisi. Sisi ndio tuliowapelekea. Na mimi sielewi, maana niliwapima joto wote asubuhi ile. Ila yule beki wangu wa kushoto, yule aliyetokea kwa shangazi yake akavaa barakoa yake ya zamani, yeye hakuumwa hata kichwa. Mungu ana watu wake."

Alisema hayo bila nia yoyote. Kisha akaaga, akaenda zake.

Fundi alikuwa ametunga uzi mweusi. Alishona ukingo wa kitambaa cha kwanza, mguu ukikanyaga wenyewe, mpaka mwisho. Akainamisha kichwa. Uzi ulikuwa tayari katikati ya meno yake, umelala kwenye ule mfereji wa jino, alipotambua anachofanya.

Hakuuma. Alibaki ameinama hivyo hivyo, mdomo wazi, macho yakiwa kwenye kitambaa. Aliona lundo la kijani asubuhi ile. Aliona kila moja ikipita mdomoni mwake, kwenye pindo, kwenye lastiki, kwenye namba, huku koo likimwasha. Aliuona mkono wa mkewe ulionyooka kutoka nyuma ya pazia ukiomba kuzichemsha. Namba moja aliishona kwa uangalifu zaidi ya zote, na ndiyo aliyoiuma mara nyingi zaidi. Juu yake, kwenye msumari, kile kimkasi chenye vishikio vyekundu kilikuwa kimeshika kutu.

Kwa kawaida yake angemeza. Angejiambia kwamba hakuna anayejua, na kwamba hata yeye hajui kwa hakika, na hilo ni kweli, maana ugonjwa haukuacha nyayo. Lakini alisikia pasi ikigongwa nyuma ya pazia, mara moja, mara mbili, mahali pale pale. Akapiga moyo konde, akaingia ndani.

Sumaku alikuwa amesimama kwenye meza ya mama yake, amevaa kanga ya mama yake.

"Weka pasi chini," fundi alisema. "Nina neno."

Alimwambia lote. Koo, kikohozi, jino, sufuria iliyokuwa ikichemka bure, beki wa kushoto, watoto wa njano waliokuwa wazima. Alisema bila kuzunguka, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. "Ni mimi, mwanangu. Wewe hukuleta kitu. Mimi ndiye niliyekuvalisha."

Binti alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha uso wake ukalegea, ukawa laini, na kwa sekunde moja fundi alidhani mzigo umeshuka.

"Asante, baba," alisema.

"Si suala la asante. Ni kweli."

"Najua unataka nisijisikie vibaya. Siku zote unafanya hivyo."

"Sumaku, nisikilize. Ni kweli tupu. Nakuhakikishia."

Lilimtoka lenyewe. Binti aliinamisha kichwa, na ule ulaini ukaondoka usoni mwake taratibu.

"Baba, hilo neno usinitumie. Ndilo ulilomwambia mama." Akashika pasi tena. "Kama ungekuwa wewe, ungesema mapema. Mtu hawezi kukaa na jambo kama hilo."

"Nimelijua leo. Sasa hivi."

"Sawa, baba."

Alisema "sawa" kwa upole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Fundi alisimama pale, maneno yote aliyokuwa nayo yakiwa yamekwisha tumika kwa miaka, kwa magauni na suruali na sare za watu, na hakubakiwa na hata moja la kumpa mwanawe. Alimshika bega. Sumaku aliuacha mkono wake ukae, akaendelea kupiga pasi.

Alirudi kwenye cherehani. Akakitoa kile kimkasi msumarini, akajaribu kukifungua. Kutu ilikuwa imekikamata, hakikufunguka. Akachukua ule mkasi mkubwa wa vitambaa, mkubwa mno kwa kazi ile, akakatia uzi.

Baada ya muda pazia likasogea. Sumaku alikuwa amesimama na rundo la nguo zilizonyooshwa mikononi.

"Wasichana wananiuliza kwenye simu," alisema. "Vile vitambaa vyeusi vitakuwa tayari lini?"

Fundi alifungua mdomo, akaufunga. "Leo," alisema. "Kabla ya jua kuzama."

Sumaku akaitikia kwa kichwa, vilevile kama wateja wake wote walivyokuwa wakiitikia, akarudi ndani kuwaambia wasichana wasivisubiri leo.